Kununua Droni ya Kwanza na Kuirusha kwenye Upepo wa Pwani

Mtu akipata hamu ya droni ya kupigia picha, huuliza aina, kisha bei, kisha kama inafika mbali. Kwa anayeishi kati ya Lamu na Mtwara, maswali hayo yanapaswa kusubiri. Yapo mambo mawili yanayotangulia, kibali na upepo. Kibali kitaamua kama chombo chako kitatoka forodhani au kitabaki kwenye kabati la maofisa. Upepo utaamua kama kitarudi kutoka baharini. Ukishayashika hayo mawili, kuchagua droni yenyewe ni kazi ya jioni moja.

Pesa isitoke kabla ya kibali

Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 zinazohusu ndege zinazoongozwa kwa mbali, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Droni husajiliwa huko, na wizara inayoshughulikia ulinzi nayo ina sauti yake kwenye kibali. Zanzibar haina njia ya mkato, kwa kuwa usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya mamlaka yake ya usafiri wa anga, KCAA, na huko kuiingiza droni nchini ni jambo linalotaka ruhusa peke yake, mbali na ruhusa ya kuirusha. Ndiyo maana watalii wengi huachana na droni zao uwanjani Nairobi, wakapewa karatasi ya kuzichukulia siku ya kuondoka.

Kwa hiyo usimtume shemeji yako aliye Dubai akutilie droni kwenye begi kati ya khanga na manukato. Unamtia matatani bure. Nenda ofisini au kwenye tovuti ya mamlaka ya nchi yako, uliza fomu na ada za sasa, uliza kama matumizi yako yanahitaji leseni ya rubani, na pata majibu kwa maandishi. Ada na taratibu hubadilika, na muuza duka hana sababu ya kukuambia ukweli wote.

Kuna namba moja ambayo wauzaji huipenda: gramu 249. Droni ndogo nyingi hutengenezwa ziwe na uzito huo hasa, na sababu yake ni sheria za Magharibi. Marekani, anayerusha kwa kujifurahisha hatakiwi kusajili chombo kisichofika gramu 250, ingawa bado anatakiwa kufanya mtihani mfupi wa bure mtandaoni. Umoja wa Ulaya nao umezilegezea masharti droni za uzito huo, lakini ikiwa na kamera mwenye nayo hujisajili. Msomaji aliye Minneapolis au Hamburg namba hiyo inamfaa kweli. Aliye Dar es Salaam au Mombasa asidhani imemwachilia. Gramu 249 ni nzuri kwa sababu nyingine, kwamba chombo chepesi kikimwangukia mtu huumiza kidogo kuliko kizito.

Kikomo cha kwenda juu kwa kawaida ni futi 400, yaani kama mita 120, na rubani anatakiwa aione droni yake kwa macho yake wakati wote, si kwa kioo cha simu. Viwanja vya ndege ni marufuku, na watu husahau jinsi vilivyo karibu. Anayeishi Kipawa au Kiwalani yuko chini ya njia ya ndege zinazotua Dar es Salaam. Wa Kiembesamaki yuko jirani na uwanja wa Zanzibar, na wa Changamwe yuko karibu na ule wa Mombasa. Kambi za jeshi, Ikulu, bandari na mikusanyiko ya watu ni vivyo hivyo. Hifadhi za wanyama zina wenyewe: TANAPA kwa hifadhi za taifa Tanzania, KWS kwa zile za Kenya, na kibali cha anga peke yake hakikuingizi humo. Usitegemee programu ya simu ikuzuie. Mwaka 2025 DJI, kampuni ya Shenzhen inayotawala soko hili, iliondoa Marekani vizuizi vyake vya kuzuia droni kupaa sehemu zilizokatazwa, ikabakiza onyo tu. Programu kukuruhusu kupaa si kibali.

Halafu kuna ruhusa ambayo haimo katika kanuni. Nyumba za Lamu, za Mji Mkongwe, na hata za Tanga mitaa ya zamani, zimejengwa zikiwa na uwanja wa ndani au dari la juu ambako kina mama hupumzika bila kujitanda. Kuta zile ndefu zilijengwa kwa ajili hiyo. Kamera inayopita juu yake ni sawa na mtu aliyepanda ukutani akachungulia. Kabla ya kurusha mtaani, nenda kwa sheha, au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa chifu ukiwa Kenya, ueleze unachopiga na kwa nini. Ufukweni zungumza na wavuvi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, lakini kwa kweli aliyekasirika hatasubiri sheria, ataanza na jiwe.

Kuchagua

Kitu kimoja hutenganisha droni ya picha na mchezo wa watoto, nacho ni gimbali, yaani kishikizo chenye mota ndogo kinachoibakiza kamera mahali pake wakati droni inayumba. Gimbali ya mihimili mitatu hutuliza kamera kwa kuinama, kulala na kugeuka. Ukikuta droni ya bei ya kutupa, boksi lake limeandikwa 4K kwa herufi kubwa na kamera imegandishwa kwenye mwili kwa plastiki, iache hapo hapo. Video yake itatikisika hata upepo wa feni ukipita, na mara nyingi hiyo 4K ni picha ndogo iliyotanuliwa. Tena vyombo vya namna hiyo vingi havina GPS, kwa hiyo ukiachia vijiti havisimami, vinafuata upepo.

Kwa anayeanza, ningemwelekeza kwenye kundi la DJI Mini. Silitaji kwa mapenzi. Vipuri vyake vinapatikana, mafundi wanalijua, na mafunzo yake yamejaa mtandaoni. Mini 4K, iliyoingia sokoni 2024 kwa dola 299 Marekani, ina gimbali ya mihimili mitatu, GPS, na inahimili upepo hadi mita 10.7 kwa sekunde. Bei ya Kariakoo au ya Luthuli Avenue haitakuwa hiyo, maana kuna usafiri, ushuru na faida ya mwenye duka. Haina vihisi vya kuona vizuizi mbele, na kwa mwanafunzi hilo silioni kuwa kasoro. Litamfundisha kutazama anakokwenda.

Mini 3 ina kihisi cha kamera kikubwa zaidi, na kamera yake inaweza kusimama wima kwa ajili ya video za simu. Hiyo inamfaa anayepiga picha za jioni, kwa kuwa kihisi kikubwa huvuna mwanga zaidi. Mini 4 Pro ya mwaka 2023 huona vizuizi pande zote. Ni nzuri sana, ila vihisi vyake, kama vya wengine, haviaminiki mbele ya waya mwembamba wa umeme au tawi kavu. Waya ndio adui mkubwa wa droni mitaani kwetu, ambako nguzo moja hubeba umeme, simu, intaneti na waya wa jirani.

DJI Neo, ya gramu 135, huruka kutoka kiganjani na inakufuata yenyewe. Ni chombo cha kupendeza ndani ya ukumbi au bustanini. Lakini imetengenezwa kwa upepo wa mita 8 kwa sekunde tu, na gimbali yake ni ya mhimili mmoja. Ufukweni mwezi Julai itakuwa ya bahari.

Kama bajeti inabana kati ya droni ya juu yenye betri moja na ya chini yenye betri tatu, chukua ya chini. Dakika 31 zilizoandikwa kwenye boksi la Mini 4K zilipimwa pasipo upepo, kwa mwendo mmoja. Kwako hesabu dakika 20 na ushee, na katika hizo utoe za kurudi. Betri moja haimfundishi mtu. Chukua na propela za akiba, pamoja na kadi ya kumbukumbu yenye kasi, yenye alama ya U3 au V30.

Ukinunua iliyotumika, usilipe kabla ya mambo manne. Iwashwe mbele yako na kamera izunguke bila kukwaruza wala picha kutetema. Fungua programu usome betri zimechajiwa mara ngapi, na uzishike kuona kama zimevimba. Angalia mikono ya droni kwenye maungio yake, hapo ndipo ufa hujificha. La nne ndilo wengi huliruka: muuzaji aiondoe droni kwenye akaunti yake ukiwa umekaa naye, wewe uiingize kwenye yako. Asipokubali, au akisema rafiki yake ndiye mwenye neno la siri, inuka uende zako. Na kama ilikwisha kusajiliwa serikalini kwa jina lake, uhamisho wa umiliki ufanyike huko pia.

Upepo

Wavuvi wetu wanaujua upepo kwa majina na miezi, na anayerusha droni pwani anapaswa kuanza kwao. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Novemba au Disemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, na katikati ya mwaka ndipo huwa na nguvu zake zote. Kati ya pepo hizo mbili kuna tangambili, majuma ambayo upepo haujajua uende wapi na bahari hutulia. Ukiweza, anza kujifunza tangambili. Usipoweza, amka mapema. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kabla jua halijapasha nchi kavu joto, hewa huwa tulivu hata katika misimu mikali. Saa nane mchana upepo wa baharini umeshashika kasi, na watu wa mchezo wa kuteleza kwa tiara kule Paje wanafurahi. Wakifurahi wao, wewe funga begi lako.

Hesabu yake ni hii. Mini 4K ikiendeshwa kwa mwendo wake wa kasi kabisa hufika mita 16 kwa sekunde. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ukiipiga usoni, kinachobaki ni mita 6. Kilomita moja ambayo pasipo upepo ingechukua kama dakika moja, sasa inachukua karibu tatu, na mota zinafanya kazi ya juu kabisa, kwa hiyo betri inashuka haraka kuliko ulivyozoea. Kwa mwendo wa kawaida, ambao ni mita 10 kwa sekunde, hali ni ngumu zaidi. Droni inaweza kuinama mbele kwa bidii na isisogee.

Kutoka hapo inapatikana kanuni ambayo ningependa uishike kuliko zote: nenda kwanza kule upepo unakotoka. Ukianza safari ukiukabili, betri ikipungua upepo utakusukuma kuja nyumbani. Ukianza ukiupa mgongo, kila kitu kitakuwa rahisi na chenye furaha mpaka dakika ya kurudi. Kwenye fukwe zinazotazama mashariki, wakati wa kusi na wa kaskazi upepo wa mchana huwa na tabia ya kutoka baharini, na hiyo ni bahati yako. Ukiwa upande wa magharibi wa kisiwa, mathalani Forodhani au Nungwi upande wa machweo, upepo huohuo unaisukuma droni kwenda baharini. Warushaji wa huko wawe waangalifu mara mbili.

Upepo wa juu si ule unaousikia usoni. Minazi na nyumba hukukinga ukiwa chini. Ukipanda mita 60 unakutana na mwingine. Programu ikionyesha onyo la upepo mkali, shuka kwanza, kisha rudi. Na ukiona umebonyeza kitufe cha kurudi nyumbani halafu umbali haupungui, usikae kutazama. Katisha safari hiyo ya yenyewe, teremka hadi urefu ulio salama juu ya vizuizi, weka mwendo wa kasi, uilete mwenyewe.

Siku ya kwanza

Tafuta uwanja wa mpira asubuhi, kabla ya vijana. Uwe mbali na nyaya na minara. Usirushe kutoka juu ya boneti la gari, paa la mabati au sakafu ya zege lenye nondo, maana chuma huichanganya dira ya droni, na droni iliyochanganyikiwa dira huzunguka kama mlevi. Tandika mkeka ili mchanga usiingie kwenye mota, na uukandamize pembe zake kwa mawe, kwa kuwa upepo wa propela utaupeperusha.

Washa rimoti, kisha droni. Subiri. Haraka ya dakika hii ndiyo hupoteza vyombo vingi. Droni inahitaji kuona setilaiti za kutosha na kurekodi mahali ilipo ili ijue pa kurudi. Programu itakutamkia kwamba mahali pamerekodiwa. Wakati unasubiri, weka urefu wa kurudia. Ukibonyeza kitufe cha kurudi, au mawasiliano yakikatika, droni hupanda kwanza hadi urefu huo ndipo ielekee nyumbani. Mnazi mzee unafika mita 25 au 30, na mnara wa simu unaweza kuzidi mara mbili ya hapo. Tazama kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho karibu, ongeza mita 20. Jambo la kukumbuka ni kwamba droni iliyo chini ya mnazi ikiambiwa irudi, itapanda moja kwa moja ndani ya makuti. Iondoe hapo kwa mkono kwanza.

Vijiti viwili vya rimoti, katika mpangilio unaokuja nao kutoka kiwandani, vina kazi hizi. Cha kushoto, juu na chini, hupandisha na kushusha. Hicho hicho kushoto na kulia hugeuza pua ya droni bila kuihamisha. Cha kulia hupeleka mbele, nyuma na pembeni. Uking'ang'anika na woga, achia vyote. Droni yenye GPS itasimama hewani ikusubiri. Mwanafunzi anapaswa kujizoeza kuachia mpaka liwe jambo la vidole, si la kufikiri.

Panda mita 3 usimame hapo. Sikiliza sauti ya mota, ione kama inasimama imara au inateleza. Ikiteleza, tua. Kama imetulia, iweke mkia wake ukielekea kwako, uipeleke mita 10 mbele na kuirudisha, tena na tena, kisha kushoto na kulia. Chora mraba. Inachosha, najua. Baada ya hapo geuza pua ikutazame, na hapo somo halisi linaanza, kwa sababu kushoto kwako sasa ni kulia kwake. Karibu kila mwanafunzi anayegonga mti huugonga droni ikiwa inarudi kwake. Fanya zoezi hilo mpaka usiwe unasita, ndipo uchore namba nane ukiwa unageuza pua na kwenda mbele kwa pamoja. Tumia betri zako zote za mwanzo hapo uwanjani bila kubonyeza kitufe cha kurekodi hata mara moja. Kamera humfanya mtu atazame kioo, na mwanafunzi anapaswa kutazama anga.

Kutua kunataka subira. Shusha polepole, karibu na ardhi droni itatikisika kidogo kwa hewa inayoisukuma yenyewe kutoka chini. Ikigusa, kishikilie kijiti cha kushoto chini mpaka propela zisimame kabisa. Watoto watakuwa wamekuzunguka. Waambie mapema wakae nyuma yako wote, na umpe mkubwa wao kazi ya kuwazuia wenzake. Hufanya kazi hiyo kwa ukali kuliko wewe.

Betri ikifika asilimia 30 uwe tayari unarudi, na asilimia 20 ikukute umetua.

Juu ya maji

Usiende baharini kabla hujaimudu droni ikikutazama. Ukienda, ujue kwamba vihisi vya chini, vinavyoisaidia droni kusimama palepale, husoma alama za ardhi. Maji yanayosogea na kumeta yanavidanganya, na droni iliyo chini sana juu ya mawimbi inaweza kushuka yenyewe. Kaa mita kadhaa juu, na usijaribu zile picha za kugusa povu.

Maji kujaa na kupwa ni hatari nyingine. Ukipaa kutoka kwenye fungu la mchanga wakati maji yanajaa, mahali ulipoparekodi kuwa nyumbani panaweza kuwa bahari baada ya nusu saa. Paa kutoka juu ya alama ya maji makuu. Ukipaa kutoka kwenye ngalawa au jahazi, nyumbani panabaki pale chombo kilipokuwa, si kilipo, na kitufe cha kurudi kitaipeleka droni kwenye maji matupu. Programu nyingi hukuruhusu kusasisha mahali pa kurudia wakati unaruka, kwa hiyo jifunze kufanya hivyo ukiwa nchi kavu. Kuidaka kwa mkono chomboni kunataka mtu wa pili mwenye utulivu, miwani machoni na nguo isiyopepea.

Ndege nao wana neno. Kunguru wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na wakaenea pwani yote, huishambulia droni kwa makundi, hasa msimu wa kuatamia. Mwewe huja peke yake na kwa kasi. Ukiona mmoja anazunguka, usikimbie kwa kwenda mbele, maana huko ndiko aliko hodari. Panda juu moja kwa moja; ndege hupata taabu kupanda wima. Akikata tamaa, rudi nyumbani, usiendelee na picha.

Ukimaliza, futa droni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi kisha kikavu. Chumvi haionekani siku hiyo, ila mota huanza kulia baada ya miezi.

Picha

Hapa nitakuwa mfupi, maana jicho halifundishwi kwa makala. Tembeza droni polepole kuliko unavyodhani inafaa, kwa mwendo wake mdogo kabisa, na ufanye jambo moja kwa wakati mmoja: kupanda tu, au kuzunguka tu. Ukirekodi fremu 30 kwa sekunde, weka kasi ya shata 1/60 ili mwendo uonekane laini. Jua letu ni kali mno kwa kasi hiyo, hivyo utahitaji filta ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Usiiache kamera ijichagulie mwanga unapopita kutoka mchanga mweupe kwenda maji ya buluu. Funga kipimo, la sivyo picha itapauka na kufifia katikati ya safari. Asubuhi na jioni vivuli huwa virefu na sura ya nchi huonekana. Isipokuwa kwa jambo moja: kupiga kutoka juu wima, jua likiwa kichwani, wakati wa bamvua maji yakiwa yamekupwa. Mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, na vigingi vyake vilivyopangwa mistari, hayapendezi saa nyingine kama saa hiyo. Wenye mashamba, na wengi ni kina mama, wapo kazini wakati huo. Shuka uwasalimie kwanza, uombe, ndipo urushe.

Betri na kabati

Usichaji betri iliyo na moto kutoka kuruka; iache ipoe. Usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani. Kama hutaruka kwa wiki kadhaa, ihifadhi ikiwa na takriban nusu ya chaji, si imejaa wala imekauka. Safarini betri hukaa kwenye mkoba wa mkononi, hazipelekwi kwenye mizigo ya chini ya ndege, na ncha zake zifunikwe. Iliyovimba haina matibabu. Usiitoboe, usiitupe jalalani, ipeleke kwa wanaokusanya taka za umeme.

Propela zikague kila siku ya kuruka kwa kupitisha ukucha ukingoni. Palipo na mkwaruzo unaonasa ukucha, badilisha zote mbili za mkono huo, na uzifunge kwa kufuata alama: zenye alama kwenye mikono yenye alama, zisizo nayo kwenye mingine. Ukikosea hapo droni itapinduka palepale inapojaribu kupaa. Seti mpya ya propela ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika droni, kwa hiyo usione uchungu kuzibadilisha mapema.